Kuandika Mkataba: Ni Elimu au Ni Kunakili Tu?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

 

Kama unasali tarawehe katika msikiti ambao imamu husoma juzuu moja kila usiku, basi usiku wa tatu ulisimama kwa aya moja mpaka miguu ikakuuma. Hiyo ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, ndefu kuliko aya zote za Qur'ani. Katika misahafu mingi tunayosomea inajaza ukurasa mzima peke yake. Asiyejua Kiarabu huenda akadhani inaeleza Pepo na Moto, au kisa cha Mtume fulani. La, hasha. Inazungumzia deni, na namna ya kuliandika.

Tulipoihifadhi madrasa hatukuulizana kwa nini. Ilikuwa ni ndefu, ina maneno yanayofanana, na bakora ya ustadh ilikuwa karibu! Swali lilinijia baadaye, nikiwa mwanafunzi wa sheria chuo kikuu. Wenzangu wengi wanaota kusimama mahakamani, wamevaa joho, hakimu anawasikiliza. Likitajwa somo la kuandika mikataba, utasikia: "Ah, hiyo si kazi ya karani? Unachukua mkataba wa zamani, unabadilisha majina, unapiga muhuri." Na wako mawakili wazima wasemao hivyo hivyo, kwamba kumpeleka wakili mchanga mafunzoni akasomee kuandika mkataba unaoeleweka ni kupoteza pesa, atajifunza huko huko kazini.

Je, ni kweli? Badala ya kubishana, hebu tuitazame historia yetu sisi wenyewe.

Tuanze na aya yenyewe, kwa maana yake tu. Deni la muda maalumu liandikwe. Aandike mwandishi mwadilifu asiyeegemea upande. Yule aliyejaaliwa kujua kuandika asikatae anapoitwa. Kisha linakuja jambo ambalo mimi kila nikilifikiria nalistaajabia: anayetamka maneno ya kuandikwa ni mdaiwa, si mdai. Mwenye pesa ndiye mwenye nguvu, angeweza kuandikisha atakavyo, lakini kalamu imeamrishwa ifuate ulimi wa yule anayebeba mzigo. Na kama mdaiwa hana akili timamu, au ni mdogo, au hawezi kutamka, basi msimamizi wake atamke kwa uadilifu. Wawekwe mashahidi. Watu wasichoke kuandika, deni liwe dogo au kubwa. Biashara ya mkono kwa mkono haina ubaya isipoandikwa. Na mwandishi asidhuriwe, wala shahidi.

Jamhuri ya wanazuoni wamesema amri hii ni ya kupendekezwa, na Ibn Hazm wa Andalusia akashikilia kuwa ni wajibu. Vyovyote iwavyo, hebu linganisha na leo. Mdaiwa anakwenda kukopa, anapewa karatasi zilizokwisha kuchapishwa, herufi ndogo kama mayai ya chawa, anaonyeshwa kwa kidole pa kutia sahihi. Nani aliyetamka hapo?

Sasa twende Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria (628 Miladia). Kisa twakijua sote, lakini mara nyingi twakisoma kama kisa cha subira tu. Kisome tena kama kisa cha waraka. Maquraish walimtuma Suhail bin Amr kufanya sulhu na Mtume (SAW), na mwandishi alikuwa Sayyidna Ali (RA). Suhail alikuwa hodari wa maneno. Ilipoandikwa Bismillah kwa namna yetu ya Kiislamu, alikataa, akataka iandikwe kwa desturi ya Waarabu wa zamani. Lilipoandikwa jina la Muhammad pamoja na cheo cha Utume, akakataa tena: lau wangeukubali Utume wasingempiga vita, basi iandikwe jina lake na la baba yake. Ali hakuweza kujilazimisha kufuta neno lile. Mtume (SAW) akalifuta mwenyewe.

Masahaba waliona uchungu. Uchungu ulizidi walipofika kwenye sharti la watu kurudishwa, kwamba atakayetoka Makka kwenda kwa Waislamu bila ya idhini ya walii wake atarudishwa, hata akiwa ameshasilimu. Waraka haujamalizwa kuandikwa, akatokea Abu Jandal, mtoto wa Suhail mwenyewe, anajikokota na minyororo yake, amekimbia kuja kwa Waislamu. Suhail akasema huyu ndiye wa kwanza. Mtume (SAW) akamwambia kuwa waraka bado haujakamilika. Suhail akashikilia. Abu Jandal akarudishwa, na Waislamu wakawa wanatazama.

Baadaye kidogo akaja Madina bibi mmoja, Ummu Kulthum bint Uqba. Ndugu zake wawili wakamfuata, wakadai arudishwe kwa mujibu wa mkataba. Hapo ikateremka aya ya kumi ya Suratul Mumtahina, na mabibi walioamini hawakurudishwa. Sasa sikiliza. Katika riwaya ndefu ya Bukhari, neno lililotumika kwenye sharti lile ni "rajul", yaani mwanamume. Wako wanazuoni waliosema kuwa wanawake hawakuwamo tangu mwanzo, kwa sababu neno ni hilo. Wengine wakasema walikuwamo kwa ujumla, kisha aya ikawatoa. Mimi si wa kuamua baina ya wanazuoni. Nataka tu uone kwamba jambo la mwanamke mzima, aliyeacha watu wake kwa ajili ya dini yake, limejadiliwa kwa karne nyingi kwa kurudi kwenye neno moja la mkataba. Halafu mtu anakwambia maneno ni kazi ya karani!

Iko pia karatasi aliyokuwa nayo sahaba Al-Adda bin Khalid, ya biashara ya mtumwa iliyokuwa baina yake na Mtume (SAW). Riwaya zatofautiana nani alikuwa muuzaji na nani mnunuzi, lakini yaliyomo yako wazi: majina ya pande mbili, kitu kinachouzwa, na kwamba hakina ugonjwa, hakina hila, hakina ubaya uliofichwa. Ni mistari michache tu. Wanazuoni wakaifanya kiolezo.

Na Imamu wetu Shafii (RA), ambaye sisi wa mwambao twafuata madhehebu yake, aliandika wasia wake mwaka 203 Hijria, mwaka mmoja kabla ya kufariki. Umo ndani ya kitabu chake Al-Umm. Bwana aliyejua sheria kuliko watu wote wa mji wake hakusema "watoto wangu wanajua ninachotaka".

Ndugu msomaji, kama ulifika darasa za juu za madrasa, jina la Imamu Tahawi hulijui? Bila shaka unalijua kwa ile aqida yake. Lakini ni wangapi kati yetu walioambiwa kuwa bwana huyu alikuwa pia bingwa wa kuandika mikataba? Aliishi Misri, akafariki mwaka 321 Hijria (933). Mjomba wake alikuwa Muzani, mwanafunzi mkubwa wa Imamu Shafii, na kijana mwenyewe akahamia kwa Mahanafi (sisi Mashafii tumsamehe tu). Aliandika vitabu vitatu juu ya mashuruti ya nyaraka, kikubwa, cha kati na kidogo. Elimu hii ilikuwa na jina lake kabisa, ilmu shurut, na ilikuwa na walimu na wanafunzi wake.

Ndani yake mna nini? Mna vielelezo, yaani mikataba iliyoandikwa tayari kwa kila jambo: kuuza nyumba, kukodisha shamba, kuweka wakfu, kushirikiana katika biashara. Utasema basi wale wenzangu wamesema kweli, hata Tahawi alikuwa akinakili! Ngoja kwanza. Kila kielelezo kilifuatana na sababu zake. Kwa nini tunaandika neno hili na si lile? Chukua mipaka ya nyumba. Ukiandika kwamba mpaka wake wa kwanza "ni nyumba ya fulani", je, hujaiingiza nyumba ya jirani ndani ya bei? Mafakihi wa Kihanafi walilijadili hilo kwa makini, na wakatafuta namna ya kusema kwamba mpaka unaishia pale au unapakana na pale. Utacheka, lakini nenda ukakae siku moja katika korti inayosikiliza kesi za ardhi, utaacha kucheka.

Au chukua dhamana waliyoiita darak. Muuzaji anajifunga kwamba akitokea mtu wa tatu na kudai kuwa kitu kile ni chake, na dai likathibiti, yeye muuzaji ndiye atakayerudisha thamani. Leo katika miji yetu kiwanja kimoja chaweza kuuzwa kwa watu watatu, na mnunuzi anabaki na risiti ya kuandikwa kwa mkono. Mahanafi walikuwa wamekwisha kumfikiria mnunuzi huyu miaka zaidi ya elfu moja iliyopita.

Na juu ya yote hayo, walitaka mkataba usimame mbele ya kadhi wa madhehebu yoyote. Mwandishi hakuwaandikia marafiki wawili waliokaa mbele yake wakinywa kahawa, maana hao wanaelewana. Alimwandikia kadhi asiyemjua, mwenye rai nyingine, pengine baada ya miaka hamsini, wote waliotia sahihi wakiwa makaburini na warithi wao hawasemezani. Mimi naona hapa ndipo lilipo jibu la swali letu. Kielelezo chaweza kunakiliwa na yeyote, na siku hizi hata kompyuta itakutolea kwa dakika moja. Lakini anayejua sababu ya kila neno ndiye atakayejua siku gani neno lile halifai. Hiyo ndiyo inayohitaji mwalimu.

Wala si Misri pekee. Kule Cordoba, Ibn al-Attar aliyefariki mwaka 399 Hijria (1009) aliacha kitabu cha nyaraka kwa madhehebu ya Maliki, na watu wa Maghrib wakaendeleza fani hiyo. Ibn Khaldun katika Muqaddima yake anaeleza kuwa katika miji walikuwako mashahidi waadilifu wenye maduka na mabaraza yao. Mwenye haja ya mkataba huenda kwao, na walitakiwa wajue fiqhi na wajue kupanga vifungu. Lakini Ibn Khaldun huyo huyo, alipokuwa kadhi wa Maliki mjini Cairo kuanzia mwaka 1384, alikumbana na baadhi yao walioitumia fani hiyo kuvunja mikataba ya watu na kula mali za wakfu. Walikuwa na elimu, uadilifu hawana. Silifichi hilo, kwa sababu wapo watakaosema kuwa kumfundisha wakili maneno ni kumnoa awe mwizi mjanja zaidi. Ni kweli yawezekana. Lakini dawa ya daktari mwovu haijawa kufunga shule za udaktari.

Haya, turudi kwetu. Mwambao huu nao ulikuwa na makatibu wake na nyaraka zake, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Unguja na kwingineko ilienea bei ya khiyari. Mwenye shamba la mikarafuu anataka pesa, na riba ni haramu. Basi "anauza" shamba kwa tajiri, kwa sharti kwamba akirudisha thamani ndani ya muda fulani shamba litarudi kwake, na wakati huo huo anaendelea kulikalia na kulipa kodi. Karatasi inasema ni bei, na nyoyo zajua ni mkopo. Palipokuwa na watu wanaoaminiana mambo yalikwenda. Zilipokuja mahakama za Waingereza likazuka swali: hii ni bei au ni rahani? Na shamba zima lilining'inia kwenye jibu. Mkataba unaosema kitu kimoja na kukusudia kingine ni kama mtego usiojulikana utamnasa nani.

Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ikaleta Sheria ya Hatimiliki za Ardhi kwa ajili ya mwambao. Mwenye kudai ardhi alitakiwa apeleke dai lake kwa msajili, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Aliyekuwa na waraka alikuwa na pa kuanzia. Jamii nyingi za Kimijikenda, zilizolima ardhi ile bila ya karatasi yoyote, zilibaki bila hati, na wajukuu wao wakaja kuitwa maskwota. Sheria ile ilifutwa mwaka 2012, lakini athari yake bado tunaishi nayo. Nalitaja hili pia tusije tukajisifu kupita kiasi. Kalamu ilimlinda aliyekuwa nayo, na jirani asiyekuwa nayo hakuulizwa.

Mfano wa mwisho ni wetu sote Waislamu wa Kenya. Ukanda wa maili kumi wa mwambao ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na kwa mkataba wa Desemba 1895 Waingereza wakawa wanautawala kwa niaba yake huku wakimlipa kila mwaka. Uhuru ulipokaribia ikabidi ukanda ule uunganishwe na Kenya. Oktoba 1963 yakafanyika makubaliano, na zikaandikwa barua baina ya Jomo Kenyatta, Waziri Mkuu wa Kenya, na Muhammad Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, kuwahakikishia watu wa mwambao haki zao.

Zitazame ahadi zile kwa macho ya Tahawi. Kuhusu mahakama za kadhi, ahadi ni kwamba mamlaka yao yatahifadhiwa wakati wote, na yakatajwa mambo yanayohusika, ndoa, talaka na mirathi. Hakuna "lakini". Kuhusu maafisa wa utawala katika sehemu zenye Waislamu wengi, ahadi ni kwamba watakuwa Waislamu, kadiri itakavyowezekana. Kuhusu watoto wetu kufundishwa Kiarabu, ni hivyo hivyo, kadiri itakavyowezekana.

Kadiri itakavyowezekana! Nani anapima? Kwa kipimo gani? Nani aende kwa nani kulalamika? Haikuandikwa. Mahakama za kadhi ziliingia katika katiba ya uhuru, na baada ya mabishano makali zimo katika katiba ya 2010, kifungu cha 170. Ile ahadi ya maafisa wa utawala haikupata kifungu chake, na vijana wengi wa rika langu hawajui hata kama iliwahi kutolewa. Sisemi kuwa maneno peke yake ndiyo yaliyofanya kazi. Masheikh na wanasiasa walihangaika, na katiba hailindwi na wino mtupu. Lakini aliyehangaikia kadhi alikuwa na neno la kushika mkononi. Aliyetaka kudai lile la pili angeshika nini?

Kwa hivyo nawajibu wenzangu wa darasani. Chuo cha Sheria cha Kenya kina somo la uandishi wa kisheria kati ya masomo ya lazima kwa anayetaka uwakili, nalo ni jambo jema, lakini wengi wetu tutalipita kama tulivyoipita ile aya, kwa kuhifadhi tu. Hiyo miezi sita ya kujifunza kazi chini ya wakili mkongwe nayo ina faida, ikiwa mkongwe mwenyewe anajua kwa nini mkataba wake una vifungu arobaini. Kama naye alinakili, utarithi makosa yake ukiyaita uzoefu. Basi mafunzo nayaunga mkono, na ada yake naiona si ghali, kwa sharti kwamba mwalimu awe anauliza "kwa nini" kwenye kila sentensi, na mwanafunzi atakiwe aandike kwa lugha ambayo mteja wake ataielewa akisomewa. Mdaiwa wa ile aya hatamki maneno asiyoyajua.

Kazi yenyewe iko hapa hapa. Katika mitaa ya kale ya Mombasa iko desturi ya nyumba bila ardhi: nyumba ni ya mtu mmoja, kiwanja ni cha mwingine, na mwenye nyumba analipa kodi ya kiwanja mwaka baada ya mwaka. Mababu walipatana kwa mdomo, kwa kuwa walisali safu moja. Sasa wajukuu wa huyu wako Nairobi, wajukuu wa yule wako ughaibuni, na kiwanja kina mnunuzi anayetaka kujenga ghorofa. Kwa sheria yetu ya mikataba, kifungu cha 3(3), huwezi kwenda mahakamani kudai juu ya mkataba wa kuhamisha maslahi katika ardhi ikiwa haukuandikwa, ukatiwa sahihi na pande zote, na sahihi zikashuhudiwa. Maandishi na mashahidi, unakumbuka umeyasikia wapi?

Mzee mmoja alinionyesha bati la biskuti limejaa risiti za kodi ya kiwanja, nyingine wino umeshafifia. Nilizisoma zote mchana mmoja wa Shaaban. Kila moja ina jina, tarehe na kiasi cha pesa. Nilitafuta ni miezi mingapi ya notisi anayostahili kupewa, nyumba italipwaje kiwanja kikiuzwa, na kama watoto wake wana haki ya kuendelea kukaa. Alikuwa ananitazama usoni muda wote nikisoma, kisha akaniuliza, "Basi, mwanangu, zasema nini?"